Weka Simu Juu ya Meza

Mimi sikumaliza shule ya msingi, na ninalisema hilo kwa sauti kubwa kwa sababu wengi walioimaliza wanakuja kuniomba kazi. Nilizaliwa Kirolirwe, kwenye kilima cha maharagi, ng'ombe za watu wengine zikipita mbele ya mlango wetu. Maisha nilianzia Rubaya, na gari langu la kwanza lilikuwa mgongo wangu: nilipandisha unga na bia kwa wachimbaji, nikateremsha mizigo ya wafanyabiashara. Leo niko na Fuso mbili, nyumba ya bati jipya, na dépôt, duka la jumla, pale Mubi niliyoipaka rangi ya machungwa ili hata muntu anayepita na usingizi juu ya pikipiki aione. Kama hukuiona, basi hukufika Mubi. Ulifika mahali pengine.

Dépôt hiyo inauza maharagi na fromage, jibini za kwetu Masisi, sukari, sabuni, mafuta, kila kitu ambacho watu wa pori na wa machimbo wanakula ao wanafulia. Inahitaji gérant, msimamizi wa duka. Mimi ni muntu wa barabara, siwezi kukaa nyuma ya meza kama mgonjwa anayengoja daktari. Na kazi ya gérant kwangu ilikuwa na kitu kitamu ambacho wengine hawatoi: chumba cha nyuma, cha mbao, dirisha moja, na mlango wenye kufuli. Usicheke. Mubi imejaa wageni walioshuka milimani kwa sababu ya matatizo, wanalala kwenye sebule za watu, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Muntu mwenye mlango wa kufunga kwa ndani ni mukubwa.

Gérant wa mwisho tuliachana kwa sababu ya sabuni. Ilikuwa inapungua. Si nyingi, kidogo kidogo, kama vile panya mwenye adabu njo alikuwa anachukua. Nikamuuliza. Akanijibu kwa Kifaransa kirefu mbele ya wapakizi wangu. Nikamfukuza. Kisha nikakaa nikajiuliza: huyu atakayekuja, nitamujua namna gani kabla hajafika kwenye sabuni?

Jibu nililipata Goma, kwenye nyama choma. Meza ya jirani alikaa bwana wa ofisi kubwa, shingo nene, saa ya dhahabu, akimwambia mwenzake kwamba siku hizi wao hawasomi tena makaratasi ya waomba kazi. Wanamwangalia muntu ndani ya mitandao: anakunywa na nani, anacheka nini, anaamka saa ngapi, anapenda nani. Diplôme inadanganya, akasema, lakini simu haiwezi. Niliacha kutafuna. Watu wengine wanarudi kutoka Goma na vitenge. Mimi nilirudi na méthode, njia ya kazi.

Na niliiboresha. Yule bwana wa Goma anachungulia watu kwa siri, wenyewe hawajui, kama muntu anayepita nyuma ya choo cha jirani. Mimi si mchunguliaji. Mimi ninaomba mbele ya watu, mchana, na jua likiwaka: weka simu juu ya meza, fungua, tusikilize. Nani atasema nimeiba siri yake?

Nilisema tusikilize, si tusome. Kusoma mimi ninasoma, lakini herufi zinakuja kwangu moja moja, kama wazee wanaotoka missa. Bahati nzuri watu wetu hawaandiki. Wanatuma vocale, ujumbe wa sauti. Mama wa kilimani anayetaka kumwambia mwanawe kwamba mbuzi amezaa haandiki barua, anabonyeza na kupiga kelele. Na masikio yangu yalimaliza shule zote. Shida ilikuwa kelele ya magari. Sauti ya simu ni ndogo. Basi nikachukua baffle ya dépôt, ile spika kubwa ya mlangoni inayoimba nyimbo za Mungu na za dunia ili kuita wateja, nikaiunganisha na simu ya muomba kazi. Tena nilikuwa nimenunua antenne inayokamata réseau, mtandao, moja kwa moja kutoka juu, ya kwanza upande wetu wa barabara. Mubi yote ujumbe unakwama njiani kama lori kwenye tope. Ukiunganisha simu na antenne yangu, vyote vilivyokwama vinaanguka pamoja, tii, tii, tii. Nilipenda hivyo. Nilitaka vitu vya moto, vile ambavyo mwenyewe hajapata nafasi ya kufuta.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe. Kabla ya sauti nikaangalia picha, na picha ya kwanza ikanitosha: amevaa miwani nyeusi, ameegemea Fuso, mguu mmoja juu ya tairi, mkono kiunoni, kama yeye njo mwenye barabara ya Walikale.

"Kijana," nikamwambia, "muntu iko na Fuso anatafuta kazi ya gérant? Hii gari uliipata wapi?"

"Papa, ile si gari yangu."

"Hata! Uliiba?"

"Papa, iko ya kwako. Fotografi anatupigishaka pale, jioni, wakati chauffeur wako anakula. Angalia nyuma, rangi ya machungwa."

Wapakizi wangu, ambao wanakaa juu ya magunia wakati hakuna gari la kupakua, wakaanguka kwa kicheko. Capita wao, yaani kiongozi wao, muzee mwenye kofia ya pamba ambaye nilibeba naye mizigo Rubaya, akasema, "Patron, nusu ya Mubi iko na picha na ile Fuso. Hata miye. Nilitumia ndugu zangu, banajua ni yangu." Nilimfukuza kijana kwa majivuno. Mimi sipendi watu wenye majivuno.

Wa pili alikuwa muntu mpole, fundi wa hesabu, alitaka kuoa. Sauti zake zilikuwa zote za mahari. Wajomba wa binti wanaomba ng'ombe, yeye anamwambia shangazi yake kwamba ng'ombe hawako, kwamba ataonyesha ng'ombe za rafiki yake kwenye malisho na kusema ni zake, na baada ya ndoa Mungu atajua. Baffle ilisema yote hayo wazi, mpaka upande wa pili wa barabara kwa wauza samaki. Wapakizi wakagawanyika: wengine kwa wajomba, wengine kwa bwana arusi. Mimi mwenyewe nilitoa ushauri wa bure kuhusu ng'ombe, maana nilikulia katikati yao. Yule muntu alikuwa anaangalia chini tu. Kabla ya juma kuisha wajomba walikuwa wamesikia habari, na binti akarudishwa kwao milimani. Walisema eti ni mimi niliyevunja ndoa. Mimi? Ni baffle. Na tena, muntu anayedanganya juu ya ng'ombe, utamuachia sukari?

Baada ya huyo, mambo yakawa ya ajabu. Waomba kazi wakaanza kuja watakatifu. Unafungua simu: zaburi. Unabonyeza vocale: mchungaji anahubiri. Picha: maua na jua linalochomoza. Nilifurahi, nikasema Mubi imetubu kwa sababu yangu. Mpaka nikaona kwamba kioo cha simu kimepasuka kwenye kona, na cha jana kilipasuka kona ileile, na cha juzi pia. Capita njo alinieleza. Kwenye kibanda cha kuchajisha simu, bwana mmoja alikuwa anakodisha simu safi ya kuombea kazi kwa patron. Alikuwa ameijaza neno la Mungu mwenyewe. Nilikasirika, halafu nikamheshimu kidogo. Ule ni ubongo wa biashara. Lakini kodi ile ilipojulikana, hakuja muntu tena. Dépôt ikakaa bila gérant, chumba cha nyuma kikakaa na buibui, na magunia ya maharagi niliyapokea mwenyewe, nikiwa na hasira na herufi.

Njo akatokea yule dada.

Alikuwa ametoka milima ya kwetu, jamaa ya wakulima, watu wa siku nyingi pale Masisi. Maharagi yao yalibaki shambani na njia ikafungwa. Alikuwa amesoma commerce, mambo ya biashara. Yeye na binti yake mdogo walikuwa wanalala kwenye sebule ya mama mmoja wa chorale, kwaya ya parokia, pamoja na wageni wengine, na yule mtoto alikuwa amezoea kulala ameshika kiatu cha mama yake ili wasimuache. Hayo aliyasema kwa maneno machache, kama muntu anayetaja bei. Alipoingia hakuangalia sukari, hakuniangalia mimi. Aliangalia mlango wa chumba cha nyuma. Aliangalia kufuli.

"Unajua namna hapa tunafanyaka?" nikamuuliza.

"Najua, Papa. Mubi yote inajua." Akaweka simu juu ya meza. "Hii iko ya kwangu mwenyewe. Sikuikodi. Lakini nikuulize kitu: ukisikia mama yangu akilia, itakusaidia kuuza sabuni?"

"Kama analia kwa haki, haitamudhuru."

"Sawa. Sikiliza. Mimi nataka kile chumba."

Hakuna muntu aliyewahi kunijibu hivyo kwenye meza ile, bila kuomba, bila kupiga magoti kwa mdomo. Nikaunganisha simu.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mama yake kweli. Hakulia. Alisema tu kwamba amesikia kuna mvua nyingi huko Mubi, na mutoto avae sweta, na mbuzi iko salama. Kisha akakaa kimya muda mrefu bila kuzima, tukasikia pumzi yake na kuku nyuma yake. Baffle ile kubwa ikapumua barabara nzima. Capita akavua kofia. Dada akawa anaangalia ukuta.

"Ingine," nikasema, kwa sababu méthode ni méthode.

Ya pili ilikuwa mazoezi ya chorale, sauti ya kike peke yake, na wapakizi wawili wakajiunga na besi bila kuombwa. Nikaanza kuona raha. Nikafikiri, huyu ni msafi, nitampa kazi, na watu wataona kwamba méthode yangu inatafuta pia wazuri. Wakati huohuo antenne ikafanya kazi yake. Tii, tii. Ujumbe wa asubuhi, ulikuwa umekwama.

"Hiyo sijaisikiliza bado," dada akasema.

"Njo tamu hiyo," nikasema, nikabonyeza.

"Binti yangu, uko muzima?" baffle ikasema.

Nilijua ile sauti. Inaniamsha kila asubuhi. Ilikuwa sauti ya bibi yangu, mama wa watoto wangu, mwimbaji wa chorale.

"Leo ukienda kwa mume wangu usiogope. Akiguna, usifikiri amekasirika; anagunaka wakati hajaelewa. Usimupe karatasi mu mukono mbele ya bantu. Sema, 'Papa, nikusomee,' atafurahi. Kifaransa achana nayo kabisa. Yule gérant mwingine hakufukuzwa na sabuni, alifukuzwa na Kifaransa. Na hii mambo yake ya kutafuta mwizi mu simu za bantu, haki ya Mungu, inanichekeshaka! Sabuni niko nachukua miye. Robo, zile kanzu za chorale, zinafuliwa na nini, na mate? Anatafuta mwizi, na mwizi anamupikia sombe. Basi, uende na Mungu, kile chumba utakipata. Futa hii sauti."

Nikabonyeza ili kuzima. Nikabonyeza vibaya.

"Binti yangu, uko muzima?" baffle ikaanza upya.

"Patron," capita akaniomba kwa upole mwingi, "ongeza kidogo. Pale kwa sombe sikusikia muzuri."

Wapakizi hawakuwa na nguvu tena ya kukaa juu ya magunia. Wauza samaki wakavuka barabara. Ikafika mara ya pili kwenye mate na robo za chorale ndipo nikang'oa waya wa baffle kwa mkono, cheche zikatoka, na katika ule ukimya bibi yangu mwenyewe akaingia na kapu la lengalenga, kwa maana alikuwa sokoni na akajisikia akiongea bila kufungua mdomo.

"Papa wa batoto," akasema, "nani ametia sauti yangu mu soko?"

"Na nani ametia sabuni yangu mu chorale?"

"Miye. Ulikuwa unasimama missa ukinyoosha shingo, ukisema 'angalia namna chorale yetu iko inang'aa.' Ulifikiri inang'aa na Roho Mutakatifu peke yake?"

Mimi ni muntu ambaye alishawahi kuongea na wenye bunduki kwenye barrière ya barabara na kupitisha Fuso nzima. Siku ile nilifanya kile tu ambacho mwenye mali anaweza kufanya. Nikamgeukia yule dada na kusema, "Kazi imekwisha. Chukua simu yako."

Akaichukua. Akaifuta kwa kitenge chake, taratibu, kama muntu anayemfuta mtoto uso baada ya kuanguka mbele ya wenzake. Hakulia wala hakuniomba kwa jina la Mungu.

"Papa, uliniambia unatafuta kama naiba. Umesikia mama yangu, umesikia wimbo wangu, umesikia mpaka pumzi. Mimi nimeiba wapi?"

Nikaanza kukunja waya wa baffle.

"Kazi iko ao aiko? Kama aiko, sema wazi, mutoto wangu anangoja kwa bantu. Lazima nimuambie tunalala wapi."

Ningeweza kusema haiko. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini capita, mwenye kofia mkononi bado, akasema kwa wale wenzake, si kwangu, "Ni vizuri. Sasa tusikilize ya patron."

"Kweli," bibi yangu akasema, akaweka kapu chini. "Weka simu juu ya meza, Papa wa batoto."

"Ya patron! Ya patron!" wapakizi wakaimba, na wauza samaki wakapiga makofi ya kufuata.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko na kuufunika.

"Simu yangu," nikawaambia, "iko na siri za biashara. Siri za biashara si siri za muntu. Zina sheria zake."

"Na yangu ilikuwa na siri za nani, Papa?" yule dada akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama muntu anayetaka kujua bei.

Unataka kujua kilichokuwa ndani ya simu yangu? Sitakisema, hata hapa. Hadithi hii ni yangu, na simu ni yangu.

Nilimpa kazi. Ninaeleza sababu ili wale wanaosema nilishindwa wafunge mdomo. Sababu ya kwanza, méthode ilikuwa imefanya kazi yake kabisa: nilitafuta mwizi wa sabuni, nikamupata, katika siku moja, bila polisi. Bwana wa Goma na shingo yake hajawahi kukamata muntu kwa haraka hivyo. Sababu ya pili, ni muntu wa kwetu. Sababu ya tatu, bibi yangu alikuwa bado amesimama. Nikasema kwa sauti ya mukubwa, "Mimi sirudi nyuma. Nilikuwa namujaribu tu. Kazi iko."

Akashukuru. Kisha akaweka masharti, yeye, aliyekuwa anaomba. Kwamba simu yake haitakaa tena juu ya meza ya muntu. Kwamba sabuni ya chorale itatoka mbele ya macho, na mimi nitajulikana kanisani kama mfadhili; hilo nililikubali haraka, na Jumapili iliyofuata padri alilitaja, nikanyoosha shingo kidogo. Na kwamba kile chumba ni chake na binti yake, na hakuna muntu ataingia bila kuitwa.

"Hata mimi?" nikamuuliza. "Mwenye nyumba?"

"Hata wewe, Papa."

Nikacheka, kwa kuwa ufunguo wa pili wa kufuli ile ulikuwa mfukoni mwangu, na unakaaga pale siku zote. Magérant wote waliopita, walipokwenda kuoga, nilikuwa naingia kuangalia chini ya godoro. Mali inalindwa.

Siku chache baadaye Fuso ilifika mapema kutoka kwetu, mvua inakuja, na dépôt ilikuwa bado imefungwa. Nikazunguka nyuma kwa hasira, ufunguo tayari mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa kufuli ileile ambayo ufunguo wangu unaifungua. Ndani nilisikia mtoto anaimba wimbo wake mwenyewe usio na maneno, anakatiza, anacheka, anaanza tena. Nilisimama pale. Nyuma yangu, juu ya gari, wapakizi waliacha kufungua kamba za turubai. Nilijua wananiangalia, bila kugeuka.

"Hodi," nikasema.

"Ni nani?" mtoto akauliza.

"Ni patron."

Wakanong'onezana. Halafu sauti ya mama yake: "Ngoja, Papa. Tunavaa."

Nikarudisha ufunguo mfukoni, nikaegemea ukuta wangu wa machungwa, na nikaanza kumuuliza chauffeur kwa sauti kubwa sana hali ya barabara, tope, bei ya maharagi Kirolirwe, ili muntu anayepita afikiri nilisimama pale kwa kazi.